Kompyuta ya Jumamosi

Mwezi uliopita Riziki aliolewa, kwenye ukumbi wa kanisa kule Coon Rapids, na mama yake akavuruga ratiba yote. Ratiba ilisema mzazi wa bibi harusi atatoa neno fupi la baraka, kisha watu wale. Mama Riziki akashika kipaza sauti, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akatangaza kwamba hakuna mtu kufumba macho. "Kila mutu aniangalie. Na wewe Riziki, uniangalie mu macho. Kama hausikie neno, unainua mukono, minarudilia." Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Alibariki miguu ya binti yake, mikono, tumbo, jiko, gari, wakwe waliokuwapo na waliobaki Uvira kule Kongo. Alieleza kwa nini alimchapa siku fulani alipokuwa mdogo, na kwa nini hakumchapa alipostahili. MC, kijana wa Kikenya mwenye suti ya kubana, alimsogelea akitabasamu, akarudishwa kwa jicho. Wali ukapoa. Mama mmoja mezani kwetu akaninong'oneza kwamba huyu naye uzee umeanza kumpanda kichwani, na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kunifaa, nikamwambia anyamaze au ahamie meza nyingine. Nilikuwa ninalia, na sikutaka kumweleza mtu nisiyemjua kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta jijini Minneapolis, Mtanzania peke yangu darasani, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Riziki mtaa wa Phillips, katika jengo la zamani la matofali ambalo ngazi zake zilinuka vitunguu vya nchi zote. Chumba changu kilikuwa kidogo kiasi kwamba mlango ukifunguka wote unagonga kitanda, kwa hiyo maisha yangu yalikuwa sebuleni. Ile sebule naiona hata sasa. Makochi yalikuwa yamevishwa vitambaa, meza imevishwa, televisheni imevishwa, jokofu lilikuwa na kitambaa chake na ua la plastiki juu. Wenzangu wa Kimarekani wakija walikuwa wanaogopa kukaa. Mimi sikuona ajabu yoyote, maana nyumbani kwetu redio ilivaa vizuri kuliko mimi. Jikoni sombe, kisamvu chao, ilichemka tangu asubuhi, mafuta ya mawese yakapaka ukuta rangi, na Riziki, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na ameanza kuona aibu kwa kila kitu, alifungua madirisha hata wakati wa theluji ili harufu isimfuate shuleni. Mama yake alikuwa akiyafunga nyuma yake.

Kompyuta ile niliiunda mwenyewe. Mama Riziki aliniomba, kwa sababu simu yake ilikuwa ya batani na kioo kidogo, na alitaka kumwona mama yake mzazi, Koko, aliyebaki kambi ya wakimbizi Kigoma. Otieno, Mkenya wa darasani kwetu aliyefanya kazi ghala moja huko Eagan, alinitafutia vipuri vya mtumba: kasha kubwa jeusi lenye feni juu ya kutolea joto, prosesa iliyokwisha kutumika, memori za watu wawili tofauti. Nilivifunga juu ya meza ya kulia huku Mama Riziki akinishikia tochi na kuniuliza jina la kila kitu, kisha akayasahau majina yote kwa makusudi na kuiita ordinatere. Ilipowaka alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Jumamosi ya kwanza tukampigia Faustin, mpwa wake kule kambini, aliyekuwa na simu yenye kamera. Uso wa Koko ukatokea, mkubwa, umekaribia mno, tukaona pua kwanza na jicho moja baadaye. Mama Riziki alikaa ameshika kioo pande zote mbili.

Sikuambiwa habari ya Koko kwa mpango, niliisikia vipande vipande kupitia ukuta, wanawake wa kanisa walipokuja kunywa chai. Faili lao la kuhamishiwa Amerika liligawanywa: Mama Riziki na watoto wakaitwa, Koko akaambiwa asubiri. Mama Riziki akakubali kwenda. Asubuhi ya basi Koko alijifungia ndani. Kwa watu wao mtoto haendi safari ya mbali bila mzazi kumwekea mkono kichwani na kumsemea, na Koko hakutoka. Walisimama nje ya nyumba ya udongo wakimwita mpaka dereva akapiga honi. "Niko mu Amerika bila mukono ya mama," nilimsikia akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimimina maziwa. Basi mazungumzo ya Jumamosi yalikuwa ya dagaa, mvua, na nani kajifungua. Koko alicheka, aliuliza watoto wanakula nini, lakini siku ile ya basi hakuna aliyeigusa. Mama Riziki alikuwa anaingoja. Nikirudi kutoka kazini nilimkuta bado amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani, na najua sasa kwamba hakuna kitu kingine alichokitaka kwa mama yake.

Majani yalipoanza kuanguka alikuja mgeni kutoka kambini na kifurushi. Koko alikuwa amedarizi kitambaa kwa ajili ya ile mashine inayomletea mtoto wake: shuka nzito nyeupe iliyokunjwa mara mbili na kushonwa, ndege wawili wekundu katikati, pindo ndefu za kuning'inia pande zote. Nilimwambia ni kizuri, na kilikuwa kizuri kweli. Mama Riziki alikitunza kama nguo ya meza ya Bwana. Kila Jumamosi alilitoa kasha mezani, akaliweka juu ya stuli kando ya kiti chake, karibu na mabomba ya kupasha chumba joto, akalivisha, ili kamera iwaone wote wawili, yeye na kazi ya mikono ya mama yake. "Minaiona!" Koko alikuwa akipiga kelele. "Minaona bandege yangu!" Hayo alinisimulia mwenyewe, kwa sababu Jumamosi mimi nilikuwa kazini, nikiwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee.

Na ndipo ile kompyuta ikaanza kuzima. Nikirudi kutoka kazini namkuta amesimama mlangoni hata koti hajanipokea. "Stella, ordinatere imekufa tena! Koko alikuwa anasema, paf, giza." Haikutoa onyo wala maandishi. Iliwaka tena baada ya muda, nzima, ikinitazama kama mtu aliyesingiziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijua kila kitu, kwa hiyo nilianza na umeme. Jengo lile lilikuwa na nyaya za zamani na baridi ilikuwa imeingia, kila jirani amewasha hita. Nikabadilisha tundu la ukutani, nikabadilisha waya. Jumamosi ikazima. Nikatoa memori moja, nikaiacha nyingine, wiki iliyofuata nikazibadilishana. Ikazima. Otieno akasema kwenye simu, "Hiyo ni power supply, mimi nakushow. Ya mtumba ikichoka inakuwa hivyo." Akaniletea ya kwake, kile kisanduku cha kugawa umeme, nikafunga. Ikazima. "Na heat je? Ume-check temperature?" Nilikuwa nimeangalia, mara nyingi. Siku za katikati ya wiki nilikaa nayo mezani, nikaitesa kwa kila programu nzito niliyoijua, nikasoma joto lake kwenye kioo, na halikupanda kufika popote pa kutisha. Nilipangua feni nikaipiga mswaki. Niliipaka prosesa upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Kila nilipoketi kuifanyia kazi, Mama Riziki alikuwa amekwisha kuniandalia: kasha limerudi mezani, kitambaa kimekunjwa na kuwekwa kabatini, kama mtu anavyotandua meza kabla fundi hajaja. Mbele yangu haikuzima hata mara moja. Nilifika mahali pa kumshuku Riziki kwamba anaibonyeza kwa makusudi, nikamwambia hivyo, akanijibu, "Why would I do that? She's my grandma!" akaingia chumbani akalia. Nilimwomba radhi kwa chipsi.

Kisha Koko akaugua. Faustin alisema ni kifua, halafu akasema ni maji tumboni, halafu akaacha kusema ni nini. Jumamosi moja Koko akaongea kidogo tu, akiwa amelala, na kabla ya kuchoka akasema: "Jumamosi inakuja, mwanangu, nitakusemea. Ile nilikuwa nayo, nitakupa." Mama Riziki aliniletea maneno hayo jikoni nikiwa ninaosha vyombo. Hakuwa mtu wa kuomba kitu, lakini siku ile alinishika mikono yenye povu akaniomba nisiende kazini Jumamosi hiyo, nikae na ile mashine, niilinde. Nikamwambia sawa. Nilimwambia haitazima, Mama, nitakuwepo. Wiki nzima niliikagua, na wiki nzima ilikuwa nzima.

Siku hiyo alivaa kitenge kipya na kufunga kilemba cha kanisani. Watoto walinyamazishwa. Kasha likavishwa, likawekwa kwenye stuli, pindo zikanyooshwa kwa kiganja, na mimi nikasimama nyuma ya kiti nikitazama nyaya, taa, kioo, kila kitu ambacho fundi hutazama. Faustin aliegemeza simu kwenye kikombe karibu na kitanda cha Koko. Kwanza walisalimiana sana. Wakaulizana habari za watu wengi, wengine wameshakufa, na Koko akapumzika, wakangoja apumue, akaanza tena. Asubuhi yetu ilikwenda yote hivyo. Halafu Faustin akasema anatoka nje, maana mzazi akimsemea mtoto wengine hawasikilizi. Na mimi nilitaka kutoka, Mama Riziki akanizuia kwa mkono bila kugeuka. Koko akafumba macho. Mama Riziki akafumba yake, akainama mbele mpaka paji la uso likagusa kioo, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kupata mkono.

"Mwanangu," Koko akasema. "Mukono yangu haifike huko, ila Mungu anafika. Miguu yako ipate njia. Batoto yako bakuheshimu. Chakula yako isikauke." Sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. "Siku ile ya basi, mulikuwa munaniita. Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya mulango, nilisikia jina yangu. Sikutoka inje. Sababu ya kukosa kutoka, ni juu ya..."

Feni zikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Mama Riziki alibaki ameinama pale pale, paji la uso kwenye kioo, akingoja mama yake apumue aendelee, na mimi ndiye niliyeona. Sijawahi kuchukia kitu maishani mwangu kama nilivyoichukia ile mashine wakati huo. Nilibonyeza swichi, nikabonyeza tena, na yeye akafumbua macho kwa sababu ya kelele za vidole vyangu. Ilipowaka tulipiga, hakuna aliyepokea. Tulipiga mpaka sauti ya kuita ikawa inaniuma meno. Simu ya Faustin ilikuwa imeisha chaji, na siku hiyo mahali pa kuchajia kule kambini palikuwa pamefungwa. Alipopatikana kesho yake, Koko alikuwa hasemi tena. Alikufa katikati ya wiki.

Faustin alipiga kutoa habari, na baada ya kulia pamoja naye, Mama Riziki alimuuliza kitu kimoja tu. Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia. "Ile siku, Koko alisema nini pa mwisho?" Faustin akashangaa. "Alisema mingi, Mama Mudogo. Si mulikuwa munasikia?" Mama Riziki akasema mtandao ulikata. "Ulikata wapi? Yeye alikuwa anaendelea. Alikuwa amefunga macho, anasema, anasema, na kulia. Mie nilikuwa inje, nilisikia sauti, maneno sikusikiliza. Nilirudi alipoitika amina." Akaongeza, maskini, akidhani anafariji, "Alisema muda murefu sana. Na alipomaliza alifurahi. Aliniambia, sasa nimemwambia yote."

Watu wa kanisa walikuja kukaa msiba. Walijaza sebule, wakaketi hata kwenye ngazi, wakaleta bugali na maharage na dagaa, wakaimba. Mtu mmoja mwenye nia njema alileta nyimbo za kwaya na picha za Koko, zikawekwa kwenye kompyuta zipite moja baada ya nyingine, na Mama Riziki, katikati ya kilio chake, akainuka akalivisha kasha ndege wawili wekundu, kwa heshima ya aliyewadarizi. Mchungaji alikuwa anasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa ninamsikiliza kwa hasira, kwa sababu kama Mungu alitaka kumchukua Koko angemwacha kwanza amalize sentensi. Na hapo kwaya ikakatika. Kimya. Watu wakageuka kunitazama mimi, fundi. Nikapita katikati ya magoti ya watu, nikapeleka mkono chini ya pindo kutafuta swichi, na joto la ndani likanitoa mkono kama nimeugusa mlango wa tanuri. Nikaweka kiganja juu ya ndege. Kitambaa kilikuwa cha moto. Feni ya juu ilikuwa imezibwa na shuka ya mikunjo miwili, na ubavuni pindo zilikuwa zimeziba matundu yote. Ile kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inajizima ili isiungue.

Leo hiyo ndiyo kazi yangu, kutengeneza mashine za watu, na mtu akinipigia namwambia asipange wala asisafishe chochote mpaka nifike. Wanadhani ni mbwembwe. Nataka kuona kitu kinavyoishi siku zote, na kila nyumba yenye vitambaa ninayoingia moyo wangu unauma kidogo kabla sijafungua begi. Siku ile nilikivuta kitambaa taratibu, nikakikunja, nikamwambia mchungaji aendelee. Nilipoinua uso, Mama Riziki alikuwa ananitazama mkono.

Alingoja mpaka watu wakapungua, mchana wa siku iliyofuata, Riziki na wadogo zake wamepelekwa kwa jirani. Akaja akakaa kwenye kiti chake. "Nionyeshe," akasema. Nikamdanganya. Nilisema ni power supply, nimeshaagiza nyingine. "Stella. Niliona mukono yako." Nikasema, Mama, tuache, haina faida. Akasema, "Washa." Niliwasha. Alikitoa kitambaa mwenyewe kabatini, akalivisha kasha juu ya stuli, akanyoosha pindo kwa kiganja kama siku zote, akaniambia nifungue kamera na ile kwaya, mashine ifanye kazi kama ya Jumamosi. Uso wake ukatokea kwenye kioo, na ndege begani pake. Tukakaa. Kwaya ikaimba wimbo mzima, na mwingine, na mwingine. Nje wanaume walikuwa wanachimbua gari kwenye theluji wakicheka kwa Kisomali. Nilimwomba moyoni Mungu yule yule niliyekuwa nimemkasirikia kwamba isizime, kwamba niwe nimekosea, iwe waya, iwe umeme wa jengo, iwe kosa langu mimi, chochote isipokuwa kitambaa kile.

Ikazima.

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kumshika na hakuhitaji kushikwa. Alisogeza kiti mbele, akainama, akaweka paji la uso kwenye kioo cheusi, akafumba macho. Mimi ndiye niliyeanza kulia, nikaanza kusema maneno, kwamba hakujua, kwamba hata mimi sikujua na nimesomea, kwamba Koko alifurahi, Faustin alisema alifurahi. Akainua mkono mmoja kunizuia.

"Nyamaza, Stella," akasema. "Bado yeko anasema."